Shingo ya Chukudu ya Papa Deo

Jumatatu, tarehe 5

Nimenoa freze zote mbili asubuhi, zile ncha za kupanua mudomo wa tundu, ya mbao na ya chuma. Ya mbao ilikuwa butu. Ilikuwa inachana mudomo wa tundu badala ya kuupanua vizuri, kichwa cha vise, musumari wa kuzungusha, kinabaki nje, kinapasua suruali za watu. Vijana wa Majengo wanatumia freze moja kwa mbao na kwa chuma, halafu wanashangaa chukudu zao, zile baiskeli za mbao za kubeba muzigo, zinapiga kelele kama kitanda kibovu. Wajinga. Wanasema mwanamuke hawezi kutengeneza chukudu. Wateja wao wanakuja kurekebisha kwangu.

Mizinga ya vita inapiga upande wa Sake tangu asubuhi. Tumezoea.

Saa ya chakula ameingia mutu. Anataka chukudu mupya, ya kazi nzito. Nilikuwa nimeinama chini ya meza. Nilisikia sauti kwanza. Nikainuka, nikaona sikio la kushoto, lile lililokatika nusu.

Ni yeye. Yule aliyemushusha mama yangu njiani.

Hakunijua. Aliniita Mama Fundi, akacheka, akasema anaitwa Papa Deo. Nimepima urefu wake na urefu wa mikono yake kama mteja yeyote.

Nimekubali kazi. Najua kwa nini nimekubali.

Jumanne, tarehe 6

Niandike mara moja, niache kuzungusha hii kitu kichwani.

Tulipokimbia Masisi, mama hakuweza kutembea. Miguu ilivimba. Mutu huyu alikuwa na chukudu, akakubali kumubeba mupaka Goma. Mimi nilikuwa na watoto wa dada yangu, mumoja mugongoni, mwingine mukononi. Nikatangulia. Tulipatana atatukuta Mugunga, mbele kidogo ya kuingia Goma. Njiani akakuta mufanyabiashara na magunia ya maharagi. Akamushusha mama, akapakia maharagi. Watu waliotoka nyuma ndio walituambia. Mama alikaa kando ya barabara juu ya mawe ya volkano, mvua inanyesha, anauliza kila mupita njia kama ile chukudu inarudi. Niliporudi kumutafuta alikuwa amekwisha kufa.

Na leo mutu huyo anacheka ndani ya nyumba yangu ya kazi. Anakunywa maji yangu.

Nimemuchagulia mbao ya bukaritusi iliyokauka vizuri. Isionekane kasoro hata moja.

Alhamisi, tarehe 8

Namuchukia. Nimeamka namuchukia, nimekula namuchukia.

Leo ni shingo, pale gurudumu la mbele linaposhikwa na mwili wa chukudu. Kila kitu kinategemea pale. Chini kuna bamba la chuma, juu kuna mbao, na vise zinapita katikati. Nimechukua vise mupya zilizotoka Bunagana, nikasimamisha kichwa cha moja juu ya ncha ya freze, nikaangalia kama mwangaza unapita. Haukupita. Basi mudomo na kichwa vitalala pamoja. Kwenye bamba nimetumia freze ya chuma, pole pole, na mafuta. Ukikimbiza, inaruka ruka, inaacha mudomo wenye mawimbi. Kwenye mbao nimezungusha kidogo, nikajaribu vise, nikazungusha tena kidogo. Kichwa kimelala sawa na ubao. Ukipitisha kidole haugusi kitu.

Kazi nzuri. Lazima iwe nzuri, sababu ya desturi yetu mafundi wa chukudu. Fundi mwenyewe ndiye anashuka nayo muteremko wa kwanza, na mwenye kununua anapanda juu kama muzigo. Ikivunjika, munavunjika wote wawili. Baba yangu hakuacha desturi hiyo hata mara moja. Kwa hiyo kesho kutwa siwezi kumufanya kitu.

Lakini bukaritusi ikibeba muzigo mara ya kwanza inajibana, vise zinalegea. Inabidi chukudu irudi kwa fundi ikazwe. Mara hiyo ya pili hakuna anayejaribu. Fundi anakaza, mutu anaenda zake. Nitamumaliza hapo.

Jumamosi, tarehe 10

Tumeshuka muteremko wa Ndosho. Mimi mbele, goti moja juu ya mwili wa chukudu, yeye nyuma yangu, amenishika mabega. Mikono yake juu ya mabega yangu! Watu walikuwa wanapiga makofi, wanamutania, "Papa Deo, mushike Mama Fundi vizuri!" Naye anapiga kelele kama mutoto kwenye sherehe.

Chini nimemuuliza. Nilitaka kumupa nafasi, sijui kwa nini. Nimesema: "Wakati watu walikimbia Masisi, ulibeba watu?"

Amejibu bila kufikiri. "Nilibeba wengi, mama. Wananishukuru mupaka leo."

Kama nilikuwa na huruma ya kijiko kimoja, imemwagika pale pale.

Jumatatu, tarehe 12

Papa Deo ameileta chukudu. Vise zimelegea, kama nilivyojua. Nimemuambia arudi kesho.

Sikukaza. Nimezitoa zote za juu. Nikaenda kwa Papa Kambale, jirani yangu muchomeleaji, Munande wa Butembo anayejua kila kifaa cha mwenzake, nikamuomba freze yake kubwa, ile ya milango. Ameniangalia. "Hiyo ya nini? Kwa chukudu itakula ubao wote, mama." Nimemuambia ni ya mulango. Ameniazima, lakini alikunja uso.

Nimezungusha. Chini, chini tena. Vumbi la mbao lilikuwa linatoka jeupe, linanukia dawa ya kikohozi. Nimeendelea mupaka, niliporudisha vise, kila kichwa kikabaki kimeshikwa na ngozi tu ya muti. Halafu nikajaza juu kwa vumbi na kole, gundi ya mbao, nikapiga msasa, nikapaka mafuta. Inapendeza kuliko ilivyokuwa. Itashika kwenye tambarare. Itashika ikiwa tupu. Siku atakaposhuka na muzigo, shingo itang'oka.

Nimefurahi. Naandika kama ilivyo. Nimekula fufu na sombe mupaka nikaongeza.

Jumanne, tarehe 13

Ameichukua. Amesema aksanti. Nimesema safari njema.

Mizinga imekaribia.

Jumatano, tarehe 14

Nimechoka, lakini niandike.

Asubuhi barabara ya Sake ilijaa watu. Magodoro, mbuzi, masufuria, watoto wamefungwa migongoni. Nimesimama mulangoni naangalia kama kila mutu. Chukudu zilikuwa zinapita moja baada ya nyingine, na juu ya chukudu hakuna makala ya kupikia, hakuna maharagi. Juu kuna wazee. Kuna wagonjwa. Kuna mwanamuke amejifungua jana.

Ee Mungu wangu. Nilikuwa nimemufikiria yeye peke yake na magunia.

Nimechukua turnevisi ya kufungulia vise, nikakimbia. Kukimbia kuelekea Sake wakati dunia yote inatoka Sake! Watu walinitukana, mulinda usalama mumoja alitaka kunirudisha. Kila chukudu nilikuwa naangalia shingo kwanza, sura baadaye. Nimepita Mugunga. Nimepita mahali pa mama na sikusimama.

Nikaiona. Juu ya kilima, inaanza kushuka. Papa Deo anasukuma kwa mguu, na juu amekaa koko mumoja, bibi muzee mwembamba, amefungwa kitenge asianguke.

Nimesimama katikati ya barabara. Amefunga breki, amenitukana kabla ya kunijua. Nimefungua kitenge, nikamushusha koko, nikamuweka chini kando ya barabara. Alilia. Alinishika nguo, akasema, "Mwanangu, usiniache hapa, mutoto wangu ananingojea." Watu walianza kunizunguka, mama mumoja aliniita mwizi. Mimi! Nimeshusha mama wa wenyewe njiani, mbele ya macho ya watu.

Papa Deo alinivuta mukono. "Umekuwa wazimu, Mama Fundi?"

Nimemuambia yote, kwa sauti, kila mutu asikie. Freze kubwa, vumbi na kole. Mama yangu. Maharagi. Mawe, mvua. Nimepiga turnevisi kwenye kiraka kimoja, kole ikaruka, tundu likaonekana. Ameweka kidole ndani. Kidole kimezama. Uso wake umekuwa majivu.

Nilingoja aseme kitu. Nimengoja maneno yake tangu siku ile.

Amesema: "Walikuwa wengi, mama. Sijui wako ni nani."

Wengi.

Nilikuwa na turnevisi mukononi. Ningeweza. Koko alikuwa analia pale chini, na mizinga ilikuwa inapiga nyuma ya kilima. Nimeinama, nikatoa vise zote, nikazitupa kwenye majani ili mutu yeyote asipande kitu kile tena. Nimemuacha amesimama na chukudu isiyo na shingo. Koko nimemubeba mugongoni.

Ni muzito, kwa mutu mwembamba vile. Tulipumzika mara nyingi.

Ijumaa, tarehe 16

Koko yuko kwangu. Anakula uji kidogo. Nimemukanda miguu kwa maji ya moto, imevimba. Ananiangalia tu. Alisikia kila kitu kule barabarani, masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Asubuhi nimemurudishia Papa Kambale freze yake. Ameuliza mulango umekwenda namna gani. Nimesema sikuutengeneza.

Papa Deo sijamuona. Nasikia yuko hai, yuko Bulengo kwenye kambi. Sijamusamehe. Watu wa kanisa wakija kunihubiria, nitawafukuza na ufagio.

Kila saa namutuma mutu Mugunga kuuliza mwanamuke aliyepoteza mama yake. Wako wengi.

Jumapili, tarehe 18

Binti yake amekuja. Anaitwa Furaha, ana mutoto mugongoni, miguu imejaa vumbi. Alipomuona koko alikaa chini pale mulangoni. Walishikana.

Baadaye amenishika mikono yote miwili. Amesema Mungu anibariki, amesema watu wenye moyo kama wangu wamebaki wachache. Nilitaka kumuambia. Nimefungua kinywa. Nikamuangalia koko.

Koko amesema, "Huyu alinibeba." Halafu akaomba fimbo niliyomupa.

Wameondoka kwenda kambini kabla ya mvua. Furaha ameniachia jibini moja ya Masisi, kitu pekee walichotoka nacho nyumbani. Nimekataa, amekataa kukataa kwangu.

Iko juu ya meza. Nyumba nzima inanukia jibini. Sijaikata.