Kidevu cha Kitajiri

2 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, ila harufu ya machinjioni imenigandia.

Nakuandikia kwa uchungu. Wale madume uliowaleta kuchinjwa niliwapasua mwenyewe. Maini yamekakamaa, yamejaa minyoo bapa kama majani madogo. Mkaguzi wa nyama ameyatupa yote. Ule uvimbe chini ya taya tuliouita "kidevu cha kitajiri", tukajisifu ng'ombe wetu wananenepa, kumbe ni ugonjwa. Uza kundi zima kabla halijaisha. Mnunuzi nimeshampata.

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananisumbua, mdomo haujambo.

Kundi siuzi. Daktari wa mifugo amekuja, amecheka kidevu chetu mpaka nikaona haya. Dawa niliyokuwa nawanywesha ni ya minyoo ya tumbo. Huyu wa ini haimtishi. Amewanywesha nyingine. Anasema mdudu huyu hukulia ndani ya konokono wa kinamasi, kisha hujibandika kwenye majani, ng'ombe akila ameshamla. Basi kinamasi nakizungushia uzio, na maji nayavuta kwa bomba hadi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Ami yako anasema nimewafunga konokono jela. Acheke, meno ni yake.

Mama yako

17 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na kazi ya uzio. Lakini ukaidi si dawa. Baba angekuwa hai angeuza. Lori linakuja Jumamosi, nimeshatoa neno langu. Tafadhali usiniaibishe.

Mwanao

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo.

Baba yako angeuza, kweli. Angeuza hata mlango wa nyumba. Lori lilikuja. Nikamwambia mnunuzi wako: hawa wana dawa mwilini, nyama yao hailiwi mpaka daktari aseme. Akanikonyeza, eti nani atajua? Nilikuandikia kwamba wamenyweshwa dawa, na bado ukamtuma. Wewe unayekatia watu nyama kila siku, hiyo ulitaka ale mtoto wa nani?

Nilifunga geti kwa mnyororo, nikakaa mbele yake na fimbo. Ami yako akaacha kucheka, akaja kukaa nami. Lori limeondoka tupu.

Daktari anarudi kuwanywesha ng'ombe tena, na mtu wa kuwashika vichwa sina. Geti nitakufungulia wewe. Mnunuzi wako umwache hukohuko.

Mama yako