Wasifu wa Mtu wa Kwenye Sanamu

Lewisville, Texas
Jumatatu

Kaka Elisante,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na vidonge vya presha? Sisi tupo, tunapumua. Nimechoka kaka, sikufichi. Wazee ninaowahudumia kwenye nyumba ya wazee ni wazito, na kufanya shifti mbili kwa siku si mchezo. Nikivua viatu, miguu imeumuka kama maandazi.

Ila yaliyonikuta safari hii ni makubwa. Mpwa wako Neema alipewa kazi shuleni: aeleze maisha ya mwanasiasa wa karne ya kumi na tisa ambaye shule yao imepewa jina lake. Sanamu yake iko pale mlangoni. Alikuwa gavana, akaenda bungeni Washington, akaleta reli. Alimiliki watumwa pia, na akautetea utumwa mpaka anaingia kaburini. Neema aliyaandika yote.

Mimi na ujuaji wangu nikaingilia. Si wewe ndiye msomaji wa wasifu kwenye misiba yote ya ukoo? Nikaupanga kama wewe: kuzaliwa, elimu, kazi, watoto aliowaacha, "tutamkumbuka kwa ukarimu wake." Habari za watumwa nikazifuta. Nikamwambia, "Mwanangu, marehemu hatumwaniki." Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mwalimu anataka ukweli. Nikamkemea.

Siku ya kusoma, wazazi tulialikwa. Neema akasoma vizuri, mwisho akawaomba watu wasimame dakika moja kumkumbuka! Pembeni yangu alikaa Denise, Mmarekani mweusi, mwenzangu kazini. Mwanawe yuko darasa moja na Neema. Ndiye anayenipitia na gari lake kila asubuhi tangu langu life, na ndiye rafiki pekee niliyempata huku. Hakusimama. Akaninong'oneza, "Mababu zangu walikuwa mali ya huyo mtu." Akatoka.

Wiki nzima hakunipitia. Tukipishana kwenye korido anatazama ukuta. Kaka, nililia chooni kama mtoto. Ijumaa nikamfuata anakokula, nikamweleza desturi yetu, nikamwambia niliyefuta ni mimi, mtoto hana kosa. Akaweka kijiko chini. "Na wa kwangu," akasema, "nani aliwasomea wasifu?"

Nikamwomba majina yao.

Anayemjua ni mmoja tu, aitwaye Hana, mpishi wa yule mkubwa wa kwenye sanamu. Kwenye wosia wa bwana wake ametajwa baada ya nyumbu na kabla ya meza. Nikakaa na Neema tukamwandikia wasifu. Ikatoka mistari mitano, basi. Wazazi wake hawajulikani. Watoto wake waliuzwa, na hakuna ajuaye walikuwa wangapi. Safari hii sikufuta kitu.

Jana Neema aliusoma kanisani kwa kina Denise. Hakumwomba mtu asimame, lakini kanisa zima lilisimama. Denise alinishika mkono mbele ya mama yake, akalia, asiniachie. Akasema, "Sasa tumemzika."

Nisalimie mama, wifi Anna mkeo, na mjomba Zakaria fundi cherehani. Watoto wako wabusu wote. Macho yanafumba yenyewe, acha nikalale kabla sijaitwa kazini.

Mdogo wako anayekupenda,
Upendo