Mafuta ya Mungaa

Ndani ya boti,
Ziwa Singidani,
Jumatano.

Dada Theodora,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Mgongo unaendeleaje, na mama anakula vizuri? Mimi na shemeji yako Alute tu wazima, ila harufu itatuua. Ningekupigia simu, lakini najijua, ningekata kabla sijasema.

Uliniambia watu hapo Mungaa wananionea wivu kwa kuishi kwenye boti ya tanga. Weee! Waje waone. Tangu tuhame Mandewa tuje kuitunza boti hii ya Mzee Leonidas, mwenye hoteli unayoiletea mafuta ya alizeti, sijala bila kichefuchefu. Asubuhi nakwangua mavi ya ndege. Halafu magadi, maana maji ya ziwa hili yakikauka yanaacha ukoko mweupe hadi kwenye kamba. Halafu napampu maji yaliyojikusanya tumboni mwa boti, meusi, yana mende waliovimba. Na choo! Cha kupampu kwa mkono, dada, hatua mbili kutoka kitandani. Alute anasema nitazoea. Yeye kazi yake ni mlingoti na tanga, huko juu kwenye hewa safi.

Kila mwezi mbao hupakwa mafuta maalumu ambayo Mzee huagiza Arusha. Mwezi uliopita niliyamwaga kwa uzembe wangu, nikaogopa kusema. Nikachukua lile dumu la alizeti ulilonipa la kupikia, nikapaka boti nzima. Nikajiona mjanja, maana mbao ziling'aa kweli. Siku ya nne zikaanza kunata. Vumbi, manyoya, nzi, vyote vikagandia humo, na jua lilipopiga, mafuta yakachacha. Mgeni mmoja wa hoteli aliyekuja kutembezwa ziwani alikaa, akainuka gauni limejaa nzi. Akatapika palepale, na aliyepangusa ni mimi.

Mzee akauliza kulikoni. Hapa ndipo mkono unapokuwa mzito, dada. Nilimwambia dumu lilivuja tu, na kwamba mafuta yako yalifika kutoka Mungaa yakiwa yameshaoza. Akasema kumbe ndiyo anayowalisha wageni wake. Siku hiyohiyo akawaambia jikoni wasiyapokee tena.

Umeniuliza mara tatu kwa nini walikukatalia, nikajibu eti sijui. Juzi uliponiambia umegombana na Amosi wa mashine ya kukamua, ukidhani ndiye aliyekuharibia mafuta, nilijionea kinyaa kuliko choo hiki.

Leo asubuhi nimemweleza Mzee ukweli wote. Ametaka tuondoke Jumamosi, na Alute hanisemeshi. Lakini jikoni wanakusubiri Jumatatu kama zamani, nimehakikisha kwa mpishi mwenyewe.

Nisalimie mama, ila usimsomee barua hii. Amosi nitamwomba radhi mimi, kwa mdomo wangu. Jumamosi nitasimama nje ya mlango wako, sitaingia mpaka uniite. Na hayo madumu ya Jumatatu nitayabeba mimi, kama utakubali niyaguse.

Mdogo wako,
Luciana