Majani Tuliyoyafagia

Jumamosi, 10 Mei

Tena bustanini na Baba, nyuma ya kanisa. Yeye anashika kipimo chake: vijiti vitatu vilivyofungwa kama herufi A, uzi, jiwe. Uzi ukitulia katikati, mimi napigilia kigingi. Makingamaji manne tayari, matuta ya udongo yaliyokata mteremko. Juu tumetandaza majani makavu aliyokusanya mitaani tangu Oktoba. Sikufungua kitabu kutwa.

Jengo si letu. Wenyeji wa mji huu wanatuazima, pamoja na mteremko huu. Mwaka jana mvua ilishusha matope hadi kwenye maegesho yao. Wamesema yakifika tena, watapanda nyasi na bustani itakwisha. Bibi zetu huingoja bustani hii tangu Januari, wamejifungia ndani kwa baridi.

Jumapili, 11 Mei

Baba amehubiri juu ya udongo. Tena. Kule kwetu, milima ya Itombwe, alichunga makanisa ya vijiji saba, na kila kijiji alikiomba kiache kuchoma mashamba, kiyaache majani yaoze. Walimcheka. Baadhi yao wako hapa ugenini, Maplewood. Mzee Bahati bado anamwita Pasta Takataka, mbele yake. Baba hucheka. Mimi sicheki.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefanya kosa. Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea.

Baada ya shule nilikuwa kanisani nikisoma. Akina mama wa kanisa wakaja na reki, Mama Neema mbele. "Debora, mtoto wa Pasta, ona huu uchafu! Wageni wakuje Jumapili, waone Pasta wetu hana watu?" Kwao shamba la heshima ni udongo mtupu, uliofagiwa kama ua. Walifagia majani yote, wakasawazisha na matuta. Waliimba. Walifanya kwa upendo.

Nilijua. Baba amenieleza mara nyingi kwamba majani ndiyo yanayoipokea mvua. Nilitaka kusema. Nilishika mifuko, wakajaza.

Walinipa andazi. Nikala.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua tangu alfajiri. Darasani sikusikia kitu. Baba alinichukua shuleni, tukaenda moja kwa moja bustanini. Matope yamefika hatua mbili tu kabla ya maegesho. Akauliza nani ameondoa majani. Nikasema, akina mama.

Ni kweli. Ni uongo pia. Najichukia.

Utabiri unasema Jumatatu itanyesha tena.

Jumapili, 18 Mei

Wakati wa matangazo nilisimama. Nilisema kwa Kiswahili, si Kiingereza tunachokimbilia sisi vijana. Nilisema nilijua, nikanyamaza, nikashika mifuko. Nikaeleza kazi ya majani. Sikumtazama Baba.

Mzee Bahati akapaza sauti: "Eee! Pasta Takataka amezaa!"

Kanisa zima likacheka. Mama Neema hakucheka. "Kwa nini hukutuambia, mwanangu? Tungekusikia."

Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Mifuko ilikuwa bado nyuma ya jengo. Baada ya ibada akina mama waliimwaga wenyewe bustanini, wakiwa na vitenge vyao vya Jumapili. Wageni walitazama. Baba na Mzee Bahati waliinua matuta upya, kwa kukadiria tu. Mzee alilalamika mpaka mwisho.

Jumanne, 20 Mei

Jana ilinyesha kutwa. Leo nimepita baada ya shule. Maegesho safi. Nikafunua majani kidogo: udongo mweusi, una unyevu, haujasogea.

Baba alikuwa amenitangulia. Tuta la tatu limepinda, lazima lipimwe upya. Safari hii alinipa mimi kipimo, vigingi akabaki navyo yeye.

Tukasubiri uzi utulie.