Karatasi Niliyowasomea Abiria

Butimba, Mwanza
15 Machi, 1995

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, pamoja na Mama na wadogo zangu. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Mimi mwilini sijambo, na Shangazi naye hajambo, anawasalimu. Moyoni sijatulia. Ninaandika haraka, na barua hii ninampa utingo wa lori linaloondoka leo, ili habari zangu uzisikie kwangu kabla ujumbe wa Mzee Okech haujakufikia.

Kazi uliyoniombea kwake katika ofisi ya tiketi za mabasi yake niliipenda. Ni kuandika jina la abiria, namba ya kiti na nauli, basi. Mzee Okech aliniita binti yake mbele ya wateja, na hakuacha kuwaambia kwamba ada yangu ya kidato cha tatu na cha nne aliilipa yeye. Nami niliinamisha kichwa, kwa kuwa ni kweli.

Alhamisi iliyopita wenye mabasi waligoma, wakilalamikia ushuru. Basi letu la Musoma lilikuwa limeshapakia mizigo, dereva akaambiwa azime injini. Abiria kumi na tisa wakabaki stendi na tiketi zao. Siku ya kwanza walicheka. Bwana mmoja wa Buswelu, aitwaye Chenge, alisema basi limechorwa simba ubavuni lakini limelala kama mbuzi mwenye mimba. Siku ya pili hakuna aliyecheka. Chenge huyo huyo alikuja kugonga dirisha langu, akauliza kama tulisomeshwa ili tuwe wezi wenye mwandiko mzuri.

Nyuma ya tiketi imeandikwa kwamba kampuni ikifuta safari, abiria anarudishiwa nauli yote. Abiria akiahirisha mwenyewe, anapata nusu. Jumamosi Mzee Okech alikuja na karatasi zilizopigwa chapa kwa Kiingereza, akaniagiza niwaeleze abiria kwamba wakisaini watapata nusu siku hiyo, na nusu nyingine mgomo ukiisha. Unajua ninavyoogopa kusema mbele za watu. Nilipanda juu ya kreti la soda, nikawasomea kwa Kiswahili. Wengi hawakuzoea kalamu, wakaweka dole gumba.

Miongoni mwao alikuwamo Mama Ayoo, mjane wa Kijaluo. Binti yake amelazwa Musoma akisubiri kupasuliwa, na hana mtu mwingine wa kukaa naye. Kiswahili chake ni kidogo, kwa hiyo yeye nilimsomea kwa Kijaluo. Alisema karatasi ikisomwa kwa lugha ya nyumbani haiwezi kuwa na mtego, akachovya dole kwenye wino.

Magari yaliyokuwa yakienda ni malori ya viwanda vya samaki tu, nayo yalidai nauli nzima. Nusu haikumfikisha popote. Alilala stendi siku mbili juu ya furushi lake. Jumatatu asubuhi alikuja dirishani kuuliza kwa upole kama nusu ya pili imefika. Hakugomba. Alinishukuru kwa kumsomea, akaniombea kwa Mungu nipate mume msomi asiyekunywa gongo. Nilipomwuliza Mzee Okech, alicheka, akasema nusu ya pili ipi, hao si wameshasaini? Akaongeza kwamba ofisi yake si kwaya, na mimi sikuajiriwa kuhurumia watu.

Nikafunga dirisha. Nikamchukua Mama Ayoo na Chenge, tukaenda kwa afisa wa leseni za magari, Bwana Nkwabi. Alipoiona karatasi alitania kwamba sisi Wajaluo tunapenda Kiingereza hata kwenye mambo ya nauli. Alipoisoma akaacha mzaha. Akasema hapa hakuna kesi, maana abiria wamekubali kwamba waliahirisha safari kwa hiari yao, wamepokea nusu, na hawatadai tena. Chenge akapaza sauti kwamba haikusomwa hivyo hata kidogo. Bwana Nkwabi akauliza basi nani aliyeisoma.

Baba, ilibidi aulize mara ya pili. Kisha nikasema ni mimi. Na sasa ninakuambia wewe nililomwambia yeye. Sikukosea Kiingereza. Nilielewa kila neno kabla sijapanda kwenye lile kreti. Niliwasomea uongo kwa sababu Mzee Okech alikuwa amesimama nyuma yangu, na mtu aliyenilipia ada sikujua namna ya kumkatalia.

Bwana Nkwabi alinipa kalamu, nikaandika yote na kutia sahihi. Akatoka nasi mwenyewe kwenda stendi ili Mama Ayoo alipwe nusu yake iliyobaki mara moja, kwa ajili ya mgonjwa. Njiani ilinibidi nimweleze mama yule, kwa Kijaluo kile kile, nililomtendea. Alipopewa fedha alizifunga kwenye pindo la kitenge, akapanda lori bila kuniaga.

Shauri la wale kumi na wanane waliobaki litasikilizwa Ijumaa mbele ya Bwana Nkwabi, na litasimama tu kama nitarudia maneno yangu mbele ya Mzee Okech. Yeye amenifukuza. Amesema anamtuma dereva wa lori akuulize kama ada yake ilisomesha mtoto au nyoka. Nami ninakujua, Baba. Ukisikia hivyo utachagua kondoo, utawaita wazee wawili, na utampelekea kuomba radhi kwa ajili yangu, kama ilivyo desturi yetu.

Ninakuomba usimpelekee. Sijawahi kukukatalia jambo hata siku moja. Akimpokea kondoo huyo, atasema nyumba yetu imekiri kwamba nilimsingizia, na wale watu hawatapata kitu. Ada nitamrudishia, hata ikichukua miaka. Radhi ninayodaiwa ni ya abiria, nami nitaiomba mwenyewe Ijumaa, nikiwa nimesimama chini, bila kreti.

Nisalimie Mama, mwambie asilie kabla hujamsomea hadi mwisho. Wasalimie wadogo zangu na majirani wote. Ijumaa saa tatu asubuhi, popote utakapokuwa, niombee sauti isikatike.

Mimi binti yako akupendaye,
Sabina Awuor