Kidari cha Mkwe

Ondasin, siamini. Nimetoka sasa hivi kwenye karamu ya kuzindua maji.

Wamenipa kidari. Kidari, Ondasin! Mimi, meya!

Kichwa cha kondoo kilikuwa mbele ya Mzee Tursinbek, aliyekuwa akigawa nyama. Kichwa hupewa anayeheshimiwa kuliko wote, nikajua ni changu. Nani mwingine aliyewaletea maji ya bomba mtaa ule? Nilikuwa nimeshakunja mikono ya koti.

Akampa dereva wa mkuu wa mkoa. Dereva! Mkuu mwenyewe hakuja.

Halafu akanisukumia kidari, nyama ambayo hata watoto wanajua hupewa nani. "Na wewe, mkwe wetu, kula haki yako."

Mkwe! Nimezeekea mji huu. Nimewazika baba zao, nimewaandikia hotuba kwa mkono wangu mwenyewe bila karani. Bado mimi ni yule aliyehamia ukweni. Mmoja nyuma akasema, "Taratibu jamani, mbwa wa ukweni hana meno." Wakacheka wote, na dereva akacheka, kichwa changu kikiwa mbele yake.

Sikugusa kitu. Nilinawa kwenye bomba lile lile nililowaletea, nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani mke wangu Jamila akaninyooshea mkono. "Karamu kubwa hivyo, hukunibebea hata kipande?"

Nikamwambia walinipa kidari.

Akacheka! "Sasa ulitaka wakupe nini, mzee? Wewe si mkwe wetu?"

Wetu, Ondasin. Mke wangu kasema wetu.