Mahema Hayarudi Mombo

Alhamisi

Nimechoka, lakini hasira imezidi uchovu. Serikali imetununulia mahema matatu ya kulaza wagonjwa wa kipindupindu, na leo afisa wa wilaya alitaka kuyarudisha Mombo, kule chini bondeni, wagonjwa wapelekwe huko!

"Ndugu Mganga, kijiji chenu hakina tambarare. Mahema hayasimami mlimani."

"Na nyumba zetu zimesimama wapi, ndugu? Tunachimba mlima tupate kiwanja, ndipo tunajenga."

Wagonjwa wamejaa sakafuni darasani, wengine hata kuketi hawawezi. Hadi Mombo hawafiki hai. Naogopa mvua itatuwahi kabla hatujamaliza kuchimba, lakini...

Nikaagiza mbiu ya msaragambo ipigwe, kijiji kizima tuchimbe kiwanja kwa pamoja. Watu wakaja na majembe toka vitongoji vyote, hata waliofiwa juzi.

Afisa akaniuliza kazi yote hiyo itaisha lini.

Nikampa jembe.